Kisu cha Sampuli

Kwa miaka sita nimewakemea wanafunzi: kisu kikishakata mti mmoja, kichovye kwenye spiriti kabla hujagusa mwingine. Nawakemea mpaka wananichukia. Leo nimekaa peke yangu mbele ya hadubini, kwenye maabara yetu ya mjini.

Kijiti kilicho chini ya lenzi kimetoka kijijini Mangapwani, kwenye mikarafuu aliyoipanda marehemu baba. Mama yangu, Bi Mayasa, hana kingine cha kutegemea. Juzi aliniletea vijiti ndani ya mfuko wa mkate, akasema matawi yanakauka.

Nilikata kipande chembamba kwa wembe, kando ya kovu la kisu, nikakitia rangi ya buluu. Nyuzi za kuvu zikajitokeza, zimeziba vijishipa vinavyopandisha maji. Nikakata mbali kidogo na kovu: nyuzi chache. Mbali zaidi: safi. Basi ugonjwa uliingilia palepale kwenye kovu, kovu la mshazari, namna ninavyokata mimi.

Hapo nikakumbuka. Miezi minne nyuma nilitoka kuchukua sampuli kwenye shamba la mikarafuu iliyokufa, nikapita kwa mama. Nilitaka kumwonesha kazi yangu, maringo tu, nikakata tawi mbele yake kwa kisu kilekile. Spiriti ilikuwa imeniishia. Kisu nilikifuta kwa ncha ya mtandio, nikajiona nimesafisha. Siku hiyohiyo kikanipotea, nikaomba kingine kazini.

Nikapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Mikarafuu usiikate. Usiguse hata tawi."

"Nshaikata. Makavu yote nimeyaondoa, kwa kile kisu chako."

"Kisu gani?"

"Ulichokisahau dirishani jikoni. Nnasahau kukwambia kila siku."

Niliogopa kuuliza, nikauliza. Kiko wapi sasa? Moyoni nilikuwa naomba aseme kipo palepale dirishani, kimeshika kutu.

"Kiko kwa Bi Mwanakheri, anapunguzia mikarafuu yake. Kabla yake alikuwa nacho Mkadam, na Himid keshaweka zamu. Kikali, kila mtu anakitaka."

Mashamba ya majirani hao watatu yamepakana mpaka barabarani, na ng'ambo ya barabara mikarafuu inaendelea.

Mama akadhani nasikitikia kisu changu.

"Usihofu, mwanangu," akasema. "Hakikupotea."