Matairi ya Wiki ya Mwisho

Hoyt, mume wangu, aliunda matairi miaka thelathini na moja katika kiwanda cha mji wetu hapa Alabama, mpaka kilipofungwa. Tangu hapo anasoma tairi kama wenzake wanavyosoma gazeti. Ubavuni mwa kila tairi kuna herufi za kiwanda lilikotoka, naye Jumapili kanisani huinama kwenye gari la mtu bila haya, miwani puani. Mwenye tairi la ng'ambo huegesha nyuma, upande wa makaburi, asionwe. Sitii chumvi. Mchungaji mwenyewe aliegesha huko mwaka mzima.

Mwezi wa Julai matairi ya pikapu yetu yalikuwa kipara. Na Julai hiyohiyo, Jumanne asubuhi, Darla akanipigia kutoka Tupelo, jimbo la jirani, mwendo wa saa nne kwa gari. "Mama mkubwa, njoo. Daktari anasema moyo wa mama umechoka. Anakuulizia wewe tu."

Mama yake, Imogene, ndiye mdogo wangu, na tulikuwa wawili tu. Mwaka wa pili huo tulikuwa hatusemezani kwa sababu ya nyumba ya marehemu mama yetu, ugomvi wa kipuuzi ambao niliuanzisha mimi. Nilitaka kumwomba msamaha akiwa bado ananisikia. Basi.

Tukaenda kwa Clovis, muuza matairi. Clovis alimwonyesha Hoyt manne yaliyokuwepo, mapya, imara.

"Yametoka wapi haya?" Hoyt akainama. "Mbali! Clovis, hata wewe? Baba yako alikula mshahara wa kiwanda kile."

"Mzee Hoyt, kiwanda hakipo. Ya hapa nchini nimeagiza, tena imara kweli, lakini lori linayaleta Ijumaa."

"Imogene hana Ijumaa," nikasema.

"Mama, tulia. Matairi ninayo," akasema Hoyt.

Nilijua anasema yapi. Wiki ya mwisho ya kiwanda, wafanyakazi waliuziwa matairi waliyoyaunda wenyewe. Wengine waliyafunga kwenye magari yao yakaisha. Wa kwangu aliyafunika blanketi bandani, blanketi langu zuri la harusi, yakakaa miaka tisa. Akayapeleka kwa Clovis mchana huohuo ayafunge. Clovis alisoma tarehe ubavuni, akafuta mikono.

"Siyafungi, mzee. Tairi linazeeka hata likilala. Mpira umekauka kwa ndani."

"Wewe mtoto, unanifundisha mimi mpira? Nimeyaunda kwa mikono hii!"

"Ndiyo maana sitaki yakuue. Bi Verlene, mwambie."

Nilimwambia. Nilimwambia kuna barabara ndefu yenye joto kali mbele yetu, na kuna watu kumi kanisani wenye magari. Akanitazama kama nimemtukana mbele za watu. "Unataka nikaombe lifti, na matairi yangu yapo?" Mimi macho yangu hayaniruhusu kuendesha tena. Ningeweza kumpigia mke wa mchungaji, angenipeleka siku hiyohiyo, tena angefurahi. Sikupiga. Nilimwonea Hoyt aibu, nikaona ni heri nimstahi mume kuliko nimwahi ndugu. Kosa hilo ni langu, simsukumii mtu.

Aliyafunga mwenyewe nyumbani, kwa vyuma vya kufungia tairi, jasho likimtiririka, anapiga mluzi. Tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimemsikia akipiga mluzi.

Jumatano tukaondoka saa mbili asubuhi. Tulipita Birmingham vizuri, naye akapigapiga usukani. "Unasikia? Kimya. Tairi la mtu anayejua kazi."

Saa tano, baada ya Jasper, la nyuma likachunika ngozi. Ule mpira wa juu ulibanduka wote, ukapigapiga bodi mpaka nikadhani tunapigwa risasi. Akaweka la akiba. Hatukumaliza maili kumi, la mbele nalo likafanya vilevile, gari likaruka hadi majanini. Tukatoka wazima. Simu haikuwa na mtandao. Hoyt alichuchumaa mbele ya nyaya za chuma zilizochomoza kwenye tairi, akizigusa kwa kidole, na mimi nikamfokea barabarani kama mwendawazimu.

"Ndugu yangu anakufa, Hoyt! Anakufa, na wewe unabembeleza tairi!"

Saa nane na nusu ndipo akapita mtu mwenye gari la kuvuta magari mabovu, akatupeleka gereji na kutufungia mawili yaliyotumika. Hoyt hakusoma herufi zake.

Tulifika Tupelo saa kumi na moja. Hoyt alipokuwa anatafuta pa kuegesha, Darla akanipokea mlangoni mwa hospitali, akanikumbatia. "Ametutoka saa tisa, mama mkubwa. Alikuwa anaongea vizuri tu hadi saa nane. Kila mlango ukifunguliwa anasema, huyo ni Verlene."

Hoyt akaja akiwa ameshika kofia mkononi. Aliona uso wangu, akajua. Kitu alichouliza kilikuwa kimoja: "Saa ngapi?"

Alikuwa amezeeka tangu asubuhi, mikono bado myeusi kwa mpira. Nikamhurumia. "Alfajiri," nikasema. "Kabla hatujaondoka nyumbani." Darla akaniangalia, akatufungulia mlango.

Hoyt akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea. "Basi," akasema, karibu kwa furaha, "hata matairi mapya yasingetufikisha."

Miaka arobaini na nne ya ndoa, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia yeye dakika ile. Na nikamwambia ndiyo, yasingetufikisha, tena nikamshika mkono, tukaingia kumwona Imogene.