Alama Kando ya Kaburi la Rutaihwa

Gaudiosa alikuwa na ugonjwa wa kuanza. Tangu ajifunze kutengeneza programu za simu, hapo chumbani kwake Nyanga, alianza ya kutabiri mvua, akaiacha. Ya bei za kahawa, nayo akaitupa njiani. Iliyofanya kazi ni moja tu, ya kumkumbusha mama yake, Clotilda, kumeza dawa za presha huko kijijini Nshamba. Kila asubuhi simu ya mama ililia kwa sauti ya Gaudiosa mwenyewe: "Mama, dawa."

Angetulia na hiyo! Wapi. Akapata wazo jipya, ramani ya makaburi ya ukoo, maana kwao wafu huzikwa kibanjani, katikati ya migomba, na vijana walishaanza kusahau nani kalala wapi. Seva yake ya bure, kompyuta ya mtandaoni inayoendesha programu zake, haikubeba programu mbili, basi akaizima ya dawa kwa muda. Ramani ikamnogea, akasahau kuiwasha.

Jumapili, alipotoka misa, akaifungua ramani. Kando ya kaburi la baba yake, Rutaihwa, palikuwa na alama isiyo na jina, ambayo yeye hakuiweka. Akaifuta. Akatafuta kosa kwenye programu mstari kwa mstari, asilione. Alipoinua macho, alama ilikuwa inarudi, taratibu, kama mtu anayeketi. Na ramani hiyo hakuwa amempa mtu mwingine yeyote.

Akampigia mama, hakupokea. Mchana huohuo akawa Nshamba.

Nyumba ilikuwa wazi, kimya. Akamkuta mama kibanjani, palepale penye alama, miguu imevimba, akitandaza nyasi kama anayetandika kitanda.

"Mama, unafanya nini?"

"Napumzika, mwana wange. Kichwa kinanisumbua siku hizi, ila nikisimama hapa kinatulia. Babako ananiita sana hapa."

"Na dawa?"

Clotilda akamshangaa. "Si uliacha kunikumbusha? Nikajua umeongea na daktari, amesema nimepona. Wewe ndiye msomi."

Gaudiosa aliogopa, tena aliona aibu kubwa. Akakimbia ndani, akarudi na vidonge na kikombe cha maji. Clotilda akameza, kisha akaligeukia kaburi, akasema kwa adabu ileile aliyotumia kwa mumewe alipokuwa hai:

"Waitu, bwana wangu, ningoje kidogo. Mtoto amekataa."

Gaudiosa akaitazama simu. Hakuigusa, lakini alama ilikuwa inafifia, hadi ikatoweka. Pale chini, nyasi alizotandaza mama zilikuwa zimebonyea urefu wa mtu, na hakuna aliyezilalia. Akamshika mama mkono, wakaenda zahanati bila kugeuka nyuma.

Siku hizi Gaudiosa hatumii programu yoyote kwa kazi ya kukumbusha dawa. Kila asubuhi humpigia mama yeye mwenyewe, na hakati simu mpaka asikie maji yakimezwa.