Kinyozi Aliyeogopa Kucheka

Kinyozi huyu mtaa mzima ulimwita Redio, maana hakuwa na swichi ya kumzimia. Sasa ona maajabu: tangu apasuliwe tezi dume, mwezi wa tatu huu, ananyoa watu kimya kama yuko msibani. Akikohoa, mkojo unamtoka. Akipiga chafya, unamtoka. Akicheka ndiyo balaa lenyewe. Basi akaacha kucheka, na wale waliokuwa wakijazana kwenye benchi lake, hata wenye vipara, wakaanza kuadimika.

Aliyeumia zaidi ni mkewe. Miaka thelathini na minne kicheko hicho kilimtangulia mwenyewe kuingia nyumbani. Siku hizi mtu anaingia, anapitiliza bafuni na kifuko chake cha pedi, kisha anakaa ukingoni mwa kiti. "Mume nimerudishiwa," mama huyo alimwambia dada yake, "ila kicheko chake nimenyang'anywa." Akalia kidogo.

Si kwamba Redio alikuwa mvivu. Thubutu! Binti wa mazoezi kule kliniki alimwelekeza: kaza misuli ya chini kama unayezuia mkojo, ivute kwa ndani, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Yeye akafanya mara kumi kwa kila kichwa alichonyoa, na suruali ikalowa vilevile.

Jumamosi moja mkewe alimpelekea chakula kazini, akamkuta anamchonga ndevu mwalimu. Akamtazama kwenye kioo. Lo! Mashavu yamevimba, mishipa ya shingo imesimama, macho yamemtoka pima. Mwalimu wa watu kang'ang'ania kiti kwa hofu.

"Baba watoto, hebu pumua!"

Redio akashusha pumzi. "Nilikuwa nafanya zoezi."

Hapo ndipo mama alipong'amua. Mumewe alifunzwa ujanani kwamba wembe ukiwa shingoni mwa mtu, pumzi hubanwa, mkono usitetemeke. Miaka arobaini kila jambo gumu analibania pumzi, hata kutunga uzi kwenye sindano. Jumatatu wakaenda wote kliniki, na binti wa mazoezi akalithibitisha. "Baba, ukibana pumzi unausukuma mkojo chini. Unaufungulia mlango mwenyewe."

"Binti yangu, mkono umeshazoea. Nifanyeje?"

"Kaza huku unaongea," mkewe akadakia. "Anayeongea hawezi kubana pumzi."

"Niongee nini?"

"Wewe wa kuniuliza mimi hivyo? Makubwa!"

Ikawa kila asubuhi wanakaa kitandani, mkono wa mama juu ya tumbo la mumewe kuhakikisha halikakamai, naye anakaza na kusimulia. Habari za majirani zikaisha, zikaingia za zamani. Pedi tano kwa siku zikawa tatu, kisha moja.

"Baba yako zile sharubu za upande mmoja," Redio akamwambia asubuhi moja, "ulipita na ndoo wakati namnyoa, wembe ukateleza. Nikamwambia ndiyo mtindo mpya."

"Kumbe haukuwa mtindo! Alijitapa nazo wiki nzima!" Mama akaangua kicheko, na Redio, bila kujijua, akacheka naye. Mara akanyamaza, mikono mapajani, uso umemsawijika.

"Umelowa?"

"Matone mawili."

Mama akamshika mashavu yote mawili. "Matone mawili nitayafua mimi, mume wangu. Wewe cheka."

Redio akacheka mpaka jirani akagonga ukuta.