Fahali wa Ng'ambo ya Seng'enge

Kiugu, dresa wa kutibu wagonjwa kambini, aliivuta kope ya chini ya Akiru, akatazama, kisha akaiachia. Ndani palikuwa peupe. Hata Ekaale, ambaye shule aliisikia kwa jina tu, alijua mke wake hawezi kupona kwa kulala.

"Amepungukiwa na damu," Kiugu alisema. "Alivuja sana akijifungua. Malaria nayo imekula ile kidogo ilibaki. Hapa kambini mnakula nini?"

"Unga."

"Unga peke yake haitengenezi damu. Vidonge vimebaki vya askari tu. Mpe maini, maziwa, mboga ya majani."

Akamwandikia kikaratasi: apewe maini. Ekaale alitaka kucheka. Ng'ombe wake walikuwa mbele ya macho yake, ng'ambo ya seng'enge, tangu Serikali ikusanye watu kambini nje ya mji wa Isiolo ili waasi wa shifta wakose pa kula. Watu ndani, mifugo nje, bunduki katikati. Ndama walinyonya wakashiba, na mtoto wake wa siku tisa akilia kwenye kifua kikavu.

Kwao mama aliyejifungua hapewi unga mtupu. Fahali hufungwa kamba shingoni mpaka mshipa uvimbe, ukapigwa mshale mfupi uliozungushiwa uzi usizame, damu ikakingwa kwa kibuyu. Kidonda huzibwa kwa mavi, fahali akarudi malishoni. Mama hunywa damu na maziwa mpaka rangi imrudie. Basi Ekaale akachukua kibuyu na mshale, akaenda langoni mchana kweupe, kama mtu anayekwenda kuazima mwiko kwa jirani.

"Simama hapo," alisema Mbae, askari wa zamu. "Hiyo ni nini?"

"Mshale ya kutoa ng'ombe damu, afande. Bibi yangu ni mgonjwa. Fahali ni ile ya pembe imeshuka. Kibuyu moja tu, haikufi."

"Upinde umeficha wapi?"

"Sijaficha. Daktari ameandika, ona."

Mbae alisoma taratibu. "Hapa ni maini. Haikuandikwa damu."

"Maini iko ndani ya ng'ombe yangu."

"Ng'ombe ya Serikali. Na wewe umeshikwa na silaha. Keti chini."

Alikitia kikaratasi mfukoni, akamfunga Ekaale mikono kwenye nguzo ya lango.

Adhuhuri alifika afisa mgeni, na mgeni hali unga. Askari wakamleta fahali wa pembe iliyoshuka. Ekaale akamwita kwa jina la wimbo aliomtungia, fahali akageuza kichwa. Kisu kikapita. Damu ikamwagika mchangani.

"Afande, kinga hiyo damu. Nakuomba. Mnaimwaga bure."

"Nyamaza."

Maini yalichomwa kwanza. Kiugu naye aliitwa, akapewa sahani yake. Alipopita langoni Ekaale akamwambia kwa sauti ya chini, "Daktari, mpelekee bibi yangu hata kipande moja."

Kiugu alimtazama Mbae. "Watanihamisha," akasema, akaendelea kutafuna, macho chini.

Akiru alikuwa ametoka kumtafuta mumewe. Alisimama ndani ya seng'enge, mtoto mkononi, ameushikilia mti wa uzio asianguke. Mbae alipapasa mfukoni, akatoa kikaratasi, akajifutia mafuta ya nyama, kidole baada ya kidole. Kisha akakitupa. Upepo ukakibandika kwenye seng'enge, karibu na mkono wa Akiru, naye hakujua kusoma.