Milimita Kumi na Mbili

Fundi Venant alikata milimita kumi na mbili tu, wala hakumwambia mtu.

Mota ya pampu ilikuwa ikichemka hadi kunuka, na kamati ya maji ya mtaa ilitaka dawa ya haraka. Akaitoa turbini, lile gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji, akalikereza ukingo likapungua milimita hizo. Mota ikapoa. Watu wakampigia makofi, naye akayapokea.

Alichosahau ni kilima. Gurudumu likipungua, maji hukosa nguvu ya kupanda. Fonteni ya chini, bomba la mtaa la kuchotea maji, ilibubujika. Ya juu, aliyoilinda maman Euphrasie, ikakauka. Kamati ikasema mama huyo anafunga maji makusudi ayauze kwa siri, na ikamnyang'anya ufunguo wa robine, koki ya fonteni, mbele ya majirani. Venant alikuwepo. Alitazama viatu vyake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na huyu alificha ya pampu nzima. Kwa wiki sita watu walimwangalia Euphrasie kama mwizi. Venant alipima kwa ndoo, saa na manometa, kipimo cha shinikizo la maji, akachora kwenye daftari mstari wa pampu yake: maji yanafika juu kiasi gani, na kwa wingi gani. Mstari uliishia chini ya fonteni ya Euphrasie. Aliona aibu hata kuutazama.

Akachonga turbini mpya. Aliurudisha upana wa zamani, akayapinda mapanga zaidi kuelekea nyuma na kuibana njia ya kutokea maji, ili mota isielemewe tena. Alipopima upya, mstari ulikipita kilima, na mota ilishikika kwa mkono bila kuunguza. Akajiambia, basi, deni la moyo limekwisha.

Asubuhi iliyofuata maji yalifika juu. Papa Edouard, mkuu wa kamati, akasimama mbele ya foleni.

“Munaona? Tangu tulitosha ule mwizi kwa robine, mayi inapanda yenyewe!”

Watu wakacheka. Euphrasie alikuwa katikati yao na bidoni yake, dumu la njano la maji, na hakuinua kichwa. Kumbe Venant hakuwa ametengeneza kitu. Alikuwa amewapa ushahidi wa kumwita mama yule mwizi.

“Haikupanda yenyewe,” Venant akasema. “Ni mimi nilikata turbini, ikakosa nguvu. Sasa nimeweka ingine. Maman Euphrasie hakuiba kitu.”

“Na uliona tunamunyanganya ufunguo?” Edouard akauliza.

“Niliona, papa.”

“Ukanyamaza?”

“Nikanyamaza.”

Edouard akauvua ufunguo shingoni mwake, akamnyooshea Euphrasie bila kumtazama usoni. Mama yule hakuupokea.

“Mumupe Papa Venant,” alisema. “Akae hapa wiki sita, watu wamuangalie vile waliniangalia. Kisha nitauchukua.”

Akachukua bidoni yake, akaondoka. Venant akauvaa ufunguo, akakaa kando ya robine, kwenye kigoda alichokuwa akikalia Euphrasie. Aliyefuata kwenye foleni akasogeza bidoni yake bila kumsalimu.