Mtoto Aliyekaa Kiti cha Obo

Usiku wa jana, mtoto akiwa amenyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni, niliota klarineti yangu inanigonga begani na kuniambia nimechelewa.

"Nimechelewa wapi?"

"Kwenye koncheto," ikasema. "Watu wameshakaa."

Niseme kidogo hapa ili asiyejua asipotee. Koncheto ni muziki mrefu ambamo ala moja inasimama mbele, okestra nzima inakaa nyuma, halafu wanajibizana kama mke na ukoo wa mumewe. Mimi nasoma muziki jioni, Jumanne na Alhamisi, kwenye ukumbi wa ushirika hapa Mbeya. Klarineti si yangu hasa, ni ya darasa, na kitufe chake kimoja kimefungwa kwa raba bendi. Wiki hii Mwalimu Mwaisumo alikuwa akigawa sehemu za tamasha la kufunga muhula. Ile sehemu ya kusimama mbele nilikuwa nimeifanyia mazoezi miezi mitatu. Mwalimu akanitazama mimi, akamtazama mwanangu Tusa mgongoni kwangu, akasema kwa upole, "Mama, wewe chukua klarineti ya pili. Ina mapumziko mengi."

Sikubisha. Na nyumbani sikumwambia mtu, hata mama mkwe tunayeishi naye, maana yeye husema klarineti yangu inalia kama bata anayekabwa, na sikutaka kumpa furaha hiyo.

Basi, ndotoni nikamfunga Tusa mgongoni nikatoka. Mlango wa chumba chetu ukafungukia jukwaani. Sikushangaa sana. Ule mlango una matatizo tangu tuhamie.

Okestra imekaa. Vinanda vya nyuzi kushoto, matarumbeta nyuma, ngoma juu kabisa. Mbele yao limesimama koti jeusi lenye mikia miwili, limeshika kijiti cha kuongozea. Ndani ya koti hamna mtu. Hilo nalo halikunishangaza, nimewahi kufanya kazi ofisini.

"Mimi ni Mkurugenzi wa Okestra," Koti linasema. "Wewe ndiye mpigaji pekee?"

"Ndiye mimi."

"Mbona mko wawili?"

"Huyu ni mtoto."

"Sijauliza ni nani. Nimeuliza mko wangapi. Mpigaji pekee huwa peke yake. Hana mtu mgongoni, hana mtu kwapani, hana uji jikoni. Ndiyo sheria."

"Ndugu Kaimu Mkurugenzi," klarineti inaingilia, "mtoto mwenyewe ana miezi sita tu."

"Mkurugenzi!" Koti linapaza sauti.

"Miezi saba," nasema mimi.

Ikabidi niiombee radhi klarineti. Ndivyo ilivyoumbwa. Siku ya kwanza kabisa Mwalimu alitufundisha kwamba noti unayoisoma kwenye karatasi, klarineti yetu inaitoa ikiwa imeshuka hatua moja. Haina nia mbaya. Ukiiandikia saba inasema sita. Ukiipa mkurugenzi inakurudishia kaimu.

Koti halikuridhika, lakini muda ulikuwa umekwenda. Likagonga kijiti. "Obo atupe sauti!"

Okestra haianzi hivi hivi. Lazima kwanza ala iitwayo obo itoe noti moja iitwayo la, na wengine wote wakaze nyuzi na kuvuta mabomba mpaka wawe sawa nayo. Kiti cha obo kilikuwa kitupu.

"Obo yuko likizo ya uzazi," ngoma ikasema kutoka juu.

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, Mkurugenzi. Uliandika pembeni ya barua yake kwamba ni mambo ya nyumbani yatapita."

Hapo hapo Tusa akaamka, akalia.

Akalia la. La safi, iliyonyooka. Okestra nzima ikashtuka, kisha ikaanza kukaza nyuzi na kuvuta mabomba kumfuata mwanangu. Nikasikia fahari, sitaficha. Fahari yenyewe haikufika mbali, kwa sababu fidla mbili zilishuka, zikafungua kanga yangu kwa adabu, zikamchukua mtoto na kumkalisha kwenye kiti cha obo. Zikamvika tai nyeusi.

"Tatizo limekwisha," likasema Koti. "Wewe sasa uko peke yako, na sisi tuna obo."

"Nirudishieni mtoto wangu!"

"Ni ala ya okestra sasa. Koncheto likiisha, ala zinarudi kwenye masanduku mpaka msimu ujao."

Nikatazama ukutani. Masanduku yamepangwa, yote wazi. La mwisho ni dogo, ndani lina kitambaa laini chekundu, na ukubwa wake ni wa mtoto wa miezi saba kamili.

Katikati ya matarumbeta nikamwona mume wangu. Sikujua kama anapiga muziki. Ameshika pembetatu ya chuma.

"Baba Tusa! Mshike mtoto!"

"Siwezi," akasema bila kugeuka. "Nina mapigo mia mbili na tatu ya kupumzika, na niko kwenye sitini na mbili. Ukinisemesha nitapoteza hesabu."

"Utapiga lini, wewe?"

"Mara moja, mwishoni. Sasa ni sitini na tano. Ni sehemu ngumu sana, Mama Tusa, watu hawajui."

Klarineti ikaninong'oneza: "Piga. Njia ya kutoka iko ndani ya koncheto. Sehemu ni tatu. Katika ile ya tatu kuna kadenza: okestra yote lazima inyamaze, na anayetoa sauti mle ndani ndiye mpigaji pekee. Hakuna mwingine. Hata Kaimu hawezi kusema neno."

"Inaisha vipi?"

"Ukipiga noti mbili za jirani kwa kupokezana, harakaharaka, zikitetemeka. Okestra ikisikia mtetemo ule inarudi, inamaliza. Isipousikia, inasubiri. Kuna moja inasubiri mpaka leo, na mpigaji alishazikwa."

Sehemu ya kwanza imeandikwa Haraka. Koti linapiga kijiti hewani na viti vinaanza kukimbia. Okestra nzima inakimbia imekaa, mimi nyuma yao napuliza. Tunapita katikati ya soko la Mwanjelwa, tunaruka mafungu ya viazi, mama mmoja anauliza, "Hao wa fidla wanafukuzwa na nani?" Mwenzake anajibu, "Na karatasi." Kila nikikikaribia kiti cha obo, zinakuja noti ndogondogo thelathini na mbili njiani na lazima nizipige zote. Tusa ananicheka. Anadhani ni mchezo.

Tukasimama ghafla. Sehemu ya kwanza imekwisha. Tumerudi ukumbini, watu wamekaa kimya kabisa na shingo zimenyooka, kwa sababu katikati ya sehemu na sehemu ni mwiko kupiga makofi. Unaruhusiwa kukohoa tu. Basi wakakohoa, kwa zamu, kistaarabu.

Kutoka safu ya tatu nikasikia, "Lililililililiii!"

Ni mama mkwe. Amevaa kitenge chake cha harusi na amesimama juu ya kiti.

"Mama, kaa chini!" nikamwambia kwa ishara.

"Nikae kwa nini? Mtoto wa watu ametoka jasho hivyo, nyie mnamkoholea? Mna kifua kikuu nyote?"

"Mheshimiwa mama," Koti likasema, "hapa hatushangilii mpaka mwisho."

"Mpaka mwisho wa nini? Kwetu mtu akifanya vizuri anaambiwa papo hapo. Mkisubiri mpaka mwisho mtamwambia marehemu. Na wewe mwenyewe vaa mtu kwanza ndipo uje kunifundisha adabu."

Watu wakakohoa kwa hasira. Koti likatangaza kwamba atakayetoa sauti tena atatolewa nje. Mama mkwe akakaa, lakini alikaa kwa namna ya mtu anayejua atasimama tena.

Sehemu ya pili imeandikwa Polepole, na ilifanyika kwenye dirisha la ofisi moja ambayo sitaitaja, ambako nilikuwa nafuatilia cheti cha kuzaliwa cha Tusa. Nikapuliza noti ya kwanza. Karani akaitazama, akaiweka kando, akasema niache nyingine na nakala yake. Noti moja ilichukua wiki mbili. Fidla nyuma yangu zilikuwa zinasuka nywele. Maziwa yakajaa, yakaanza kulowesha blauzi, na kwa mbali naona Tusa kwenye kiti chake cha obo anageuza shingo kunitafuta kifuani.

"Mtoto anaitwa nani?" karani akauliza mwezi wa tatu.

"Tusajigwe."

"Kazi yake?"

"Ana miezi saba."

"Hapa imeandikwa obo."

Nikapiga noti ya mwisho karibu kulia. Akagonga muhuri. Muhuri ukasema: Rudi kesho. Dirisha likafungwa, likawa ukumbi.

Sehemu ya tatu. Haraka tena, ila sasa kwa furaha. Imeandikwa hivyo, Kwa Furaha, na ukipiga bila furaha unakatwa alama. Nikafurahi kwa nguvu zote huku namtazama mtu mmoja mwenye bawaba mkononi akipima kifuniko cha lile sanduku dogo. Okestra inapanda, inapanda, Koti linainua mikono yake mitupu, na ghafla wote kimya.

Kadenza.

Ukumbi mzima kimya. Mimi peke yangu. Nikaanza kupiga huku natembea kuelekea kiti cha obo. Fidla zikanikodolea macho bila kuthubutu kulia. Nilipiga kile nilichofanyia mazoezi miezi mitatu jikoni, mguu mmoja ukimsukuma mtoto kwenye beseni la nguo. Nilipiga mpaka na zile sehemu nilizokuwa nakosea, na nilizikosea pale pale, vizuri kabisa. Klarineti ikalia kama bata, ndiyo, lakini bata aliyeachiwa.

Nikafika mbele ya mwanangu. Akanitazama. Akatoa ile sauti yake ya kuniona, "Aaa-bu!"

Koti likaruka. "Obo anyamaze!"

Ukumbi mzima ukaligeukia. Limesema ndani ya kadenza.

"Bwana Msaidizi wa Kaimu," klarineti ikasema, ikiwa imelishusha cheo tena, "atoaye sauti humu ndani ndiye mpigaji pekee. Mtoto ametoa. Kwa hiyo yeye si okestra. Anasimama mbele, na mama yake."

"Hawawezi kuwa wawili! Pekee ni mmoja!"

"Abu," akasema Tusa. Akavua tai, akaila.

Nikamnyanyua, nikamweka kiunoni, mkono mmoja kwake, mwingine kwenye klarineti. Lakini hatukuwa tumetoka. Kadenza haijaisha mpaka mtetemo usikike, na kitufe cha ule mtetemo ndicho kile kilichofungwa kwa raba bendi. Nikakibonyeza. Raba ikakatika, ikaruka, ikampiga mtu wa ngoma. Nikabonyeza tena. Hamna kitu. Pumzi inaniishia. Koti limekaa, limekunja mikono, linasubiri kwa raha. Linajua. Nikiishiwa pumzi bila mtetemo, kadenza imekufa, na waliokuwa ndani yake wanakwenda masandukuni wote.

Noti yangu ya mwisho inapungua. Inakuwa nyembamba kama uzi. Natazama safu ya tatu.

Mama mkwe anasimama juu ya kiti. Anavuta kanga kifuani. Wanamshika mikono, anawakung'uta.

"Lililililililililililiiiii!"

Noti mbili za jirani, kwa kupokezana, harakaharaka, zikitetemeka. Okestra haina ujanja. Imesikia mtetemo. Ngoma ikaingia, matarumbeta yakaingia, fidla zikaingia, na hapo baba Tusa akasimama, akatazama kushoto na kulia, akapiga pembetatu yake: ting. Alikuwa amewahi mapigo manne. Koncheto likaisha.

"Nani amemruhusu yule mama?" Koti likafoka.

"Nani amenikataza?" mama mkwe akajibu. "Mpe mwanamke nafasi yake. Na ile ya pili ya mapumziko, yule mwalimu apige mwenyewe kama kachoka."

Nikatoka kwa mlango ule ule, na mtoto wangu kiunoni.

Nikaamka kumekucha. Tusa amelala, mkono mmoja ndani ya nywele zangu. Sanduku la klarineti liko juu ya kabati, limefungwa, raba bendi iko mahali pake. Nikacheka peke yangu, nikajifunga kanga, nikaenda jikoni huku nimeshaamua kwamba si kitu, klarineti ya pili nayo ni klarineti.

Mama mkwe alikuwa anakoroga uji. Nikamwamkia. Akafungua mdomo kuitikia, sauti ikatoka kama ya mtu aliyeshinda harusini siku tatu.

"Marahaba." Akakohoa. "Sijui koo limekuwaje. Nimeamka hivi hivi, sauti hamna."

"Pole, mama. Nikutengenezee tangawizi?"

"Acha. Kunywa uji kabla haujapoa." Akanipa kikombe, akaendelea kukoroga, hakunitazama. "Na leo jioni ukifika darasani, ile ya pili usiichukue."