Mashudu ya Kalasinga

Resiato hakuwa mtu wa kuamini mambo upesi, na kwa kweli hakuna aliyewahi kumpa sababu ya kuamini. Mumewe alipofariki, shemeji yake Lesikar alisema anamwonea huruma, kisha wiki hiyo hiyo akaonekana akilipima shamba la marehemu kwa hatua. Kilichomzuia Lesikar asimhamishie bomani kwake kama mzigo ni ng'ombe mmoja tu, Nado mwekundu. Mjane mwenye ng'ombe wa kukamua anajitegemea. Asiye naye huambiwa pa kulala.

Kwa hiyo Kalasinga mwenye mtambo wa kukamua mafuta kule Kijenge alipoanza kumwomba mavi ya ng'ombe, Resiato alikaa chonjo.

Kalasinga huyo aliitwa Avtar. Kwa miaka mitatu walikuwa wakibadilishana: Resiato anapeleka kibuyu cha maziwa, Avtar anampa mashudu ya alizeti, yale makapi yanayobaki mbegu zikishakamuliwa. Nado aliyala wakati wa kiangazi, na maziwa hayakukatika. Sasa vita vya pili vya Mjerumani vilikuwa vimeadimisha petroli na mafuta ya taa mjini, na Avtar alikuwa amechimba shimo nyuma ya mtambo, akalijengea kwa saruji, akalifunika kwa chuma kizito. Alitaka debe la mavi mabichi kila siku.

"Ya nini?" Resiato aliuliza.

"Nayachanganya na mashudu na maji, halafu nafunika hewa isiingie. Yakioza humo yanatoa gesi. Gesi inawaka, mama. Tutapikia."

Resiato alikitazama kilemba cheupe na zile ndevu zilizochanwa vizuri. Mtu msafi namna ile anataka mavi! Mavi ya ng'ombe ni ya mwanamke, ndiyo anayokandikia nyumba, na anayetaka kuliroga zizi lako ataanzia wapi kama si hapo? Alimpelekea, maana mashudu aliyahitaji. Ila aliyachota kwenye zizi la Lesikar.

Kiangazi kilipokolea, alizeti ikaisha. Malori yakaanza kuleta mbegu za mbarika, ile nyonyo, kwani mafuta yake yalitakiwa kwa ajili ya ndege za vita. Asubuhi moja Avtar alipokea maziwa, akampa sukari badala ya mashudu.

"Haya ya mbarika si ya ng'ombe, mama. Ni sumu. Yote yanaingia shimoni."

Sumu. Resiato alilijua neno hilo. Msimamizi wa shamba moja la Wazungu kule Momela aliwahi kuwaambia wafugaji kwamba magadi ya pale yana sumu, wakati ng'ombe waliyalamba tangu enzi za mababu. Kumbe hakutaka tu wapite shambani kwake. Na mashudu haya aliyaona kwa macho yake, hayakuwa na tofauti kubwa na yale ya alizeti. Basi Kalasinga amepata mtu mwingine wa kumpa, au analishibisha shimo lake huku Nado anabaki mbavu tupu. Alirudi nyumbani amefura kwa hasira.

Siku ya tatu alikwenda Kijenge mchana, wafanyakazi wakiwa kwenye ugali. Alijaza nusu gunia, akalificha ndani ya mzigo wake wa majani, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Hata hivyo hakuwa mjinga. Alifanya kama wafugaji wote wanavyofanya wakilitilia shaka jani geni: alimpa mbuzi kwanza. Mbuzi alikula, akalala vizuri, asubuhi akaamka anaruka. Resiato alicheka peke yake kwa uchungu. Sumu! Akamwekea Nado karai zima.

Hakujua kwamba sumu ya mbarika haina haraka. Jumapili, aliporudi kanisani, mbuzi alikuwa amekufa, mwili umekauka. Nado alisimama ameinamisha kichwa, anaharisha damu. Alikufa Jumatatu kabla jua halijapanda, na Resiato aliketi kando yake akalia mpaka sauti ikamkauka.

Lesikar alikuja, akayaona mabaki ndani ya karai, akayatambua. Jioni wazee walikuwa wamekaa bomani kwake.

"Ni Kalasinga," alisema. "Alipe ng'ombe kwa ng'ombe."

Resiato alikuwa na neno moja tu la kusema, kwamba alipewa, na angepata ng'ombe. Alilifikiria neno hilo. Lilimjia mpaka mdomoni.

"Hakunipa," alisema. "Alinikataza. Niliiba."

Mzee Lemburis, laigwanani, kiongozi wa mila aliyeongoza kikao, alimgeukia. Lesikar akaguna.

"Amekupa nini, shemeji, useme hivyo? Nani anajiita mwizi bure?"

"Na mavi," Lemburis aliuliza, "ni kweli alikuwa anachukua mavi ya Nado?"

"Hapana, baba. Nilimpelekea ya ng'ombe wa Lesikar."

Ukweli huo wa pili ndio uliomaliza kikao. Lesikar aliruka kutoka kwenye kigoda, uso umembadilika. Kumbe zizi lake nalo limo ndani ya shimo la yule mtu! Resiato alirudia tena na tena kwamba aliiba, na kila aliporudia wakazidi kuamini kwamba Kalasinga amemroga, amemfunga akili.

Kesho yake walikwenda Kijenge na mashoka kuvunja kile chuma. Avtar aliwasikiliza langoni, hakubishana. Aliomba shimo lake lisiguswe, akaahidi ng'ombe. Lesikar akaenda akitamba kwamba mwenye haki hatoi ng'ombe.

Alhamisi Resiato aliitwa akamchukue ng'ombe. Nyuma ya mtambo sufuria ya chai ilikuwa ikichemka juu ya moto wa buluu, pasipo kuni wala mkaa, bomba jembamba likitokea shimoni. Aliutazama moto ule, akatamani ardhi immeze.

"Nilikuibia," alisema.

"Najua. Mashudu yalidondoka mpaka njiani."

"Mbona hukuwaambia?"

Avtar alitia majani ya chai, akakoroga polepole. "Wewe unanijua miaka mitatu, mama. Nilikuambia ni sumu, ukaniona mwongo. Wale hawanijui kabisa. Ningewaambia nini?"

Alimkabidhi kamba. Ng'ombe alikuwa mzuri, mweupe, kiwele kimejaa. Resiato aliipokea kamba, akamsogelea. Kisha akagundua kwamba mkono wake ulikuwa umeshamfunua ng'ombe mdomo, unamkagua meno. Akauondoa upesi, lakini Avtar alikuwa ameshaona.